Kitufe cha kurudi katika kozi yenye matawi

Mwalimu wangu wa Wete, umeuliza kwa nini anayebonyeza "Rudi" katika kozi yako ya watembeza wageni hujikuta kwenye tawi, yaani mfululizo wa slaidi unaofuata jibu fulani, ambalo hakulichagua. Kitufe hicho kinafuata mpangilio wa slaidi katika faili, ilhali mwanafunzi amefuata njia yake mwenyewe. Kwenye PowerPoint, kiunganishe na slaidi iliyotazamwa mwisho. Katika slaidi ya swali, kama ile ya mgeni anayetaka kupiga picha msikitini, "Endelea" kiondoe kabisa, majibu yenyewe ndiyo yampeleke mwanafunzi mbele, na tawi la jibu baya, tafadhali sana, liachie njia ya kurejea kwenye swali. Kisha weka onyesho katika hali ya kioski, ambamo vitufe na viungo tu ndivyo vinavyobadilisha slaidi, la sivyo kubofya popote kutamrusha hadi slaidi inayofuata.