Re: Florida 56% walisema ndiyo, mbona bangi haikupita?

Mkuu umeuliza inakuwaje jimbo la Florida kule Marekani 2024 walio wengi wapige ndiyo halafu bangi ya starehe isipite. Ni hivi, ile Amendment 3, yaani hoja waliyoipigia kura, ilikuwa inabadili katiba ya jimbo na Florida katiba haibadilishwi mpaka ifike asilimia 60, wao wakaishia kama 56. Ohio 2023 walipata kama 57 tu na ikapita maana ilikuwa sheria ya kawaida, nusu na ushee inatosha.

Mi naunga mkono kuhalalisha, kumfunga mtu kisa msokoto mmoja ni uonevu, ila ile ya Florida ilinikera kitu kimoja, kampuni ya kuuza bangi ya Trulieve imemwaga zaidi ya dola milioni 100 kwenye kampeni halafu ruhusa ya kupanda hata mche mmoja nyumbani kwako haimo, ununue dukani tu! Ohio mtu mzima anaruhusiwa miche 6.

Na nyie wenye grini kadi huko tafadhali sanaa, jimbo likiruhusu serikali kuu bado inakataza, ukikiri tu kwa afisa uhamiaji kwamba unavuta uraia unaweza kukwama hata kama hujawahi kukamatwa. Msiguse kabla hamjaapishwa.