Ukitaka kuujua mfumo wa ishirini, anza na majirani zake

Wengi wanaojaribu mfumo wa ishirini, yaani kuandika namba kwa makundi ya ishirini badala ya kumi, hukimbilia jedwali la kuzidisha. Lina visanduku 400, na hapo ndipo wanapochoka. Mimi nashauri uliweke kando kwanza. Kilichonifanya niupende mfumo huu ni namba mbili zinazopakana na ishirini, yaani 19 na 21.

Kwanza alama. Tarakimu ni 0 hadi 9, kisha herufi: A ni kumi, B kumi na moja, hivyo hivyo hadi H, kumi na saba. Mimi huiruka I kwa sababu inafanana na 1, kwa hiyo J ni kumi na nane na K kumi na tisa. (Wanafunzi wa Kaktovik, Alaska, ambao lugha yao huhesabu kwa ishirini, walibuni tarakimu zao wenyewe miaka ya 1990. Mistari ya juu huonyesha tano tano na ya chini moja moja. Zitafute uzitazame, ni kazi nzuri sana.)

Sasa chukua 3003 ya kawaida. Ina 400 (yaani 20 × 20) mara saba, 20 mara kumi, na tatu zinabaki: basi huandikwa 7A3. Jumlisha tarakimu: 7 + 10 + 3 ni 20. Toa 19, inabaki 1, na hilo ndilo baki la 3003 ukiigawa kwa 19. Kisha rudi kutoka kulia ukitoa na kujumlisha kwa zamu: 3 − 10 + 7 = 0. Maana yake inagawanyika kwa 21, kwa hiyo kwa 3 na kwa 7 pia. Kipimo chepesi cha 7! Katika mfumo wa kumi nimekihangaikia miaka, na hapa kinapatikana kwa mstari mmoja.

Tarakimu ya mwisho nayo hukupa baki la 4 na la 5 papo hapo, kwa kuwa 20 ni 4 × 5. Katika kumi, baki la 4 linahitaji tarakimu mbili za mwisho.

Hasara zipo. Theluthi haiishi, inakuwa 0.6D6D6D bila kikomo, na vipimo vya 9 na 11 tulivyozoea vinapotea. Usivitafute huku, vipime kwa mfumo wa kumi.

Zoezi ninalompa kila anayeniuliza: ziandike namba tasa zote chini ya 400 kwa mfumo wa ishirini, uzipange kwa tarakimu ya mwisho. Ukiacha 2 na 5, zitaingia kwenye safu nane tu: 1, 3, 7, 9, B, D, H, K. Kisha zitazame safu za 1, 9, D na H. Kila namba tasa iliyomo humo ni jumla ya namba mraba mbili, na zilizo katika safu nyingine nne haziwezi kabisa. Mwanahisabati Fermat alilisema hilo, mwenzake Euler akalithibitisha baadaye. Mfano 97, ambayo ni 4H: 81 + 16. Jaribu sasa 83, yaani 43 kwa ishirini, uone kama utapata namba mraba mbili za kuijaza.