Maswali na majibu: mbegu za jadi ndani ya ngano ya leo

Ni kweli Norman Borlaug, mtafiti wa mbegu kutoka Marekani, ndiye aliyevumbua ngano fupi, yaani yenye bua fupi?

Hapana, na swali hili nimelijibu mara nyingi. Ufupi ule asili yake ni Daruma, ngano ya wakulima wa Japani. Mwaka 1917 ilipandanishwa na Fultz ya Marekani, na mwaka 1924 uzao wake ukapandanishwa na Turkey Red, ngano iliyoingia Kansas miaka ya 1870 pamoja na Wamennonite, Wakristo waliohama kutoka Urusi. Gonjiro Inazuka alichambua vizazi vilivyofuata hadi ikapatikana ngano fupi iitwayo Norin 10, iliyosajiliwa 1935. Cecil Salmon akapeleka mbegu zake Marekani 1946, Orville Vogel akaziendeleza jimboni Washington, ndipo zikamfikia Borlaug kule Meksiko. Ngano zake fupi, Pitic 62 na Penjamo 62, zilitoka humo. Borlaug alistahili Nobel yake ya 1970. Lakini wakulima waliochagua Daruma msimu baada ya msimu hawatajwi popote, na hiyo ni dhuluma.

Ufupi una faida gani?

Ngano ndefu ikipewa mbolea nyingi, suke huwa zito, bua likashindwa kulibeba, shamba zima likalala. Fupi husimama.

Ngano yote ya kisasa si ni GMO, yaani iliyobadilishwa jeni maabara?

Si kweli. Tafadhalini, ulizeni kabla ya kusambaza. Ngano fupi zilipatikana kwa mikono: mtafiti hufungua kiua kimoja kimoja kwenye suke, akatoa vifuko vitatu vya chavua kwa kibanio kabla havijapasuka, akafunika suke kwa mfuko wa karatasi, na siku chache baadaye akaleta chavua ya mmea mwingine. Ngano iliyopandikizwa jeni maabara ipo, kama HB4 ya Argentina, lakini hiyo ni ya juzi tu.

Mbegu ya zamani isiyozaa vizuri, kwa nini ihifadhiwe?

Kwa sababu hujui kesho utaugua nini. Mwaka 1948 Jack Harlan alikusanya ngano moja mashariki mwa Uturuki. Bua lake lilikuwa jembamba na lililala, kutu ya majani (ugonjwa wa ukungu) iliishambulia, baridi kali iliishinda, na unga wake haukufaa mkate. Ikapewa namba PI 178383, ikasahauliwa kwa takriban miaka 15. Kisha kutu ya manjano ikavamia kaskazini magharibi mwa Marekani. Ngano ile iliyodharauliwa ilipopimwa, ikakutwa inahimili aina nne za kutu hiyo, pamoja na aina 35 za fugwe ya kawaida, ukungu unaoharibu punje. Wazalishaji wa mbegu wakaikimbilia.

Onyo ambalo hukuliuliza: usitegemee kinga moja. Ngano nyingi duniani ziliegemea jeni Sr31, iliyotoka kwenye rai, nafaka iliyo jamaa ya ngano. Mwaka 1998 kutu ya shina iitwayo Ug99 ikaonekana Uganda, na Sr31 haikufua dafu. Jeni Sr2, ambayo Edgar McFadden aliitoa kwenye ngano ya kale iitwayo Yaroslav, bado inasaidia ikiunganishwa na nyingine.

Basi turudi kupanda za zamani peke yake?

Hapana. Mavuno yake ni madogo na walaji ni wengi. Ninachopinga ni kuzitupa.

Benki za mbegu si zinatosha?

Hazitoshi. Vita vya Syria viliikuta benki ya ICARDA, kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo cha maeneo makavu, karibu na Aleppo. Mkusanyiko wake uliweza kuanzishwa upya Lebanon na Moroko kwa sababu nakala zilikuwa Svalbard, ghala la mbegu la dunia huko Norwe, zikachukuliwa kuanzia 2015. Pasipo nakala, hasara ni ya milele. Tena mbegu iliyogandishwa haikutani na kutu mpya; iliyo shambani hukutana nayo kila msimu.

Nimekuta chupa ya ngano ya babu. Bado itaota?

Usiimwage yote ardhini. Chukua punje chache, zifunge kwenye karatasi yenye unyevu, na baada ya wiki moja hesabu zilizochipua. Zikichipua, panda kidogo na ubakize nyingine pakavu penye baridi. Leo hii andika juu ya chupa jina la aina, kijiji ilikotoka na aliyeilima, maana anayeyajua hayo huenda ni mzee mmoja tu. Kisha peleka sehemu kwenye benki ya mbegu ya taifa.