Okidi ya mtini usiizike udongoni

Kila upepo wa mvua ukiangusha matawi hapa Bukavu, kuna mtu ataniuliza: "Niliokota ua la porini, nikalipanda kwenye chungu, mbona linaoza?" Litoe kwenye udongo leo hii.

Mara nyingi ninayoletewa ni Cyrtorchis, jenasi ya okidi za Afrika iliyopewa jina na Mjerumani Rudolf Schlechter mwaka 1914. Okidi za dukani zinajulikana na kila mtu; hii yetu inatuotea juu ya vichwa na hatuijui. Hukaa mtini, lakini haiunyonyi mti. Inaushika tu, na kunywa mvua na ukungu kwa mizizi iliyo wazi.

Basi jifunze kuitazama hiyo mizizi. Ni minene, imevaa ganda kama sifongo. Ikikauka ni ya kijivu cheupe. Imwagie maji uone inavyogeuka kijani mbele ya macho yako. Ndani ya udongo wetu mzito ganda hilo halipati kukauka, na mzizi ukishakuwa laini kwa kuubonyeza, umekwisha.

Tafuta kipande cha tawi chenye gome la kukwaruza. Lalisha mizizi juu yake, funga na soksi kuukuu ya nailoni, usifunike kitu. Tundika barazani, jua la asubuhi liifikie, la mchana lisiichome. Ukitaka chungu kwa lazima, jaza vipande vya makaa na magome. Kuanzia Juni hadi Agosti inyunyizie asubuhi. Mvua zikirudi, waachie mawingu kazi. Mbolea kidogo mno, na mimi hata hiyo siipendi.

Maua ni meupe, kama ya nta, yamepinda kama nyota. Yakigeuka rangi ya chungwa usikimbilie dawa, ni uzee. Harufu huja giza likiingia, kwa kuwa wageni wake ni nondo wenye ulimi mrefu, wanaoufikia utamu ulio chini kabisa ya mrija wa nyuma ya ua. Itundike karibu na mahali mnapokaa jioni.

Kuchuma Kahuzi-Biega, hapana: ni hifadhi ya taifa tangu 1970. Na anayekuuzia fungu lililong'olewa, mizizi imekatika, usimpe hata faranga. Sikiliza tu mtaani nani anakata mti wake mkubwa, umwombe akuite kabla matawi hayajawa kuni.