Uliza Mwalimu: Tundu la kiini liko wazi, mbona si kila protini huingia?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasoma kidato cha sita hapa Tanga. Kitabu chetu kinasema utando wa kiini cha seli una matundu, na protini za kiini hutengenezwa nje yake. Kama matundu yapo, mbona kila kitu hakijimiminii ndani? Na protini inajuaje kama ni zamu ya kuingia au ya kutoka? – Msomaji, Ngamiani

JIBU: Marahaba, mwanangu. Utamu uko kwenye sehemu ya pili ya swali lako, kwa hiyo ya kwanza naipitia mbio.

Tundu hilo haliko tupu kama mnavyolichora kwenye madaftari. Limeundwa na aina 30 hivi za protini, na katikati yake zimening'inia nyuzi legelege, zimesongamana kama katani iliyoanikwa kule Muheza. Protini ndogo, za chini ya daltoni (kipimo cha uzito wa molekuli) 40,000 hivi, hupenya zenyewe. Kubwa hukwama mpaka zipate mbebaji, maana yeye hushikana na nyuzi zile na kuachana nazo upesi.

Mbebaji wa kuingiza huitwa importini. Hutafuta alama kwenye mzigo, kipande kifupi cha asidi amino, vijenzi vya protini. Iliyochunguzwa sana ni ya SV40, kirusi cha kima: prolini, laisini tatu, arjinini, laisini, valini. Basi, saba tu! Mwaka 1984 watafiti walibadilisha laisini ya pili peke yake, protini ikabaki nje ya kiini. Mpaka leo jaribio hilo linanistaajabisha.

Sasa zamu. Tundu lenyewe halijui ndani wala nje. Mwamuzi ni protini ndogo iitwayo Ran, ambayo hushika GTP, molekuli yenye nishati, au GDP, kinachobaki GTP ikivunjwa. Protini inayoipatia GTP imenata kwenye kromatini, yaani DNA pamoja na protini zake, humo kiinini. Protini inayoichochea Ran iivunje GTP iko nje. Ndiyo maana Ran yenye GTP imejaa ndani na nje ni haba. Importini ikifika ndani hukamatwa na Ran hiyo, mzigo ukadondoka. Eksportini, mbebaji wa kutoa, mambo yake ni kinyume: haikamati mzigo sawasawa mpaka Ran yenye GTP iwepo. Wakishatoka, GTP huvunjwa na wote watatu hutengana. Nauli, yaani nishati, hulipwa hapo. Wanafunzi wengi huandika kwamba tundu "linasukuma" protini. Halisukumi chochote, na mtahini atakukata alama.

VVU wanaujua mlango huu vizuri. Protini yao iitwayo Rev hudandia eksportini ya seli yetu ili kutoa kiinini RNA ya kirusi (nakala ya jeni zake) ambayo haijakatwakatwa. Wizi mtupu.

Na hili hukuuliza: alama ya kuingilia haikatwi protini ikishafika. Seli zetu zinapogawanyika, utando wa kiini huvunjika na protini nyingi humwagika. Viini vipya vikishafungika, protini zilezile hurudishwa ndani kwa alama ileile.