Vitabu vya rafiki yangu vinanichosha

SWALI: Shangazi, mimi na rafiki yangu wa tangu shule tunaandikiana kila wiki: kazini kukoje, nani kaugua, mwanangu kaota jino. Kila mara anamalizia kwa kunipendekezea kitabu. Vingi vinanishinda, naona haya kumwambia. Nifanyeje?

JIBU: Mwambie, mwanangu, ila usiishie kwenye “sikukipenda”. Mtajie ulipoachia na sababu: wahusika lukuki sura ya kwanza tu, au kila ukikishika mtoto analia. Hapo atajua kama tatizo ni kitabu au ni usiku wako. Anayenyonyesha umpe riwaya ya kurasa 600? Omba hadithi fupi. Moja huisha kabla mtoto hajaamka. Mimi huonja ukurasa wa katikati kwanza, ukininasa ndipo narudi mwanzo.

Na wewe je, unampendekezea nini? Barua yako iko kimya hapo. Muulize anachosoma akiwa hoi, siyo kile cha kumfanya aonekane msomi, kisha umtafutie kinachofanana nacho. Na kama kuna alivyokuazima vikakushinda, mrudishie, hasa alivyoandika pembeni kwa penseli.