Kusubu risasi zako mwenyewe: mdogo wangu wa Ohio, anza na sabuni

Wiki mbili zilizopita nilishika nafasi ya pili kwenye mashindano ya rivolva ya klabu yetu hapa Fort Worth. Wa pili kati ya watu 19, na wengi wao ni Watexas waliokua na bastola kiunoni. Sisemi kwa kujisifu. Haya, nasema kwa kujisifu kidogo, maana kila kichwa cha risasi kilichotoka kwenye mtutu wangu siku ile nilikisubu mwenyewe gerejini, yaani niliyeyusha madini nikayamimina kwenye kalibu, kwa vyuma ambavyo duka la matairi lilikuwa linatupa.

Picha nikaitumia watu wa nyumbani kwenye WhatsApp, nayo ikasafiri kama picha zinavyosafiri. Jumatano usiku nikapata ujumbe wa kijana wa kwetu aliyeko Columbus, Ohio: “Kaka, shikamoo. Mimi pia nina rivolva ya .38 na nishaanza kujaza upya maganda ya risasi zilizopigwa. Nataka nianze kusubu wikendi hii. Nina betri tatu kuukuu za gari, nitoe risasi humo? Na kalibu gani ninunue?”

Wikendi hii. Betri tatu. Usiku ule sikulala vizuri.

Kabla sijaendelea, nyinyi mnaosoma mkiwa Mombasa, Tanga au Dar, haya si yenu. Hapa Marekani sheria ya nchi nzima inamruhusu mtu anayemiliki silaha kihalali kujitengenezea risasi za matumizi yake bila leseni. Leseni inatakiwa ukianza kuuza. Kwetu ni kosa la jinai. Tanzania ina sheria yake ya silaha na risasi ya 2015 na Kenya ina yake ya miaka mingi, na zote hazina mzaha. Someni kama mnavyosoma habari za theluji.

Kiswahili nacho kina utani wake. Risasi ni ile inayopigwa, na risasi ni madini yenyewe. Ili tuelewane, hapa madini nitayaita risasi, na kile kinachoruka kutoka mtutuni nitakiita kichwa.

Mimi risasi niliiona ikiyeyuka kabla sijajua kusoma. Mjomba wangu alikuwa mvuvi Mtongwe, Mombasa, na chubwi za mshipi wake alizisubu mwenyewe: kopo la maziwa ya unga, moto wa vifuu, bamba za betri zilizovunjwa kwa shoka, na vishimo alivyotoboa kwa kidole gumba kwenye mchanga mkavu. Sisi watoto tulichuchumaa upande wa moshi tukipuliza moto. Ikiyeyuka ilikuwa inang'aa kama kioo, halafu inavaa utando wa rangi rangi, zambarau na dhahabu, na mjomba anaukwangua kwa kijiti. Tulikuwa tunagombania kushika ule utando uliopoa. Tuliuchezea kwa mikono tuliyoendea kula wali.

Kwa hiyo 2021 nilipoamua kusubu, nilijiona fundi tayari. Mnakumbuka hali ilivyokuwa: tangu corona ianze, rafu za risasi madukani zilikuwa tupu, na za .38 zikionekana zinauzwa kama dawa. Mimi ni dereva wa lori, maduka ya matairi nayajua na yananijua. Jamaa mmoja akanipa ndoo nzima ya vile vizani vinavyobanwa kwenye rimu ili tairi libalansi. Nikanunua jiko la umeme la kuyeyushia na kalibu ya kampuni ya Lee ya vichwa viwili vya greni 158 (gramu 10 hivi), uzito wa tangu zamani wa .38. Kilo moja ya risasi inatoa karibu vichwa 97. Nikapiga hesabu ya utajiri.

Siku ya kwanza nilifunga mlango wa gereji kwa sababu nje kulikuwa na upepo. Nilikuwa na vipande vya risasi nilivyokwisha kuvimwaga vikawa kama matofali madogo, nikaviacha uani, na usiku mvua ikanyesha. Nikavipangusa kwa shati, nikaona vimekauka. Kimoja kilikuwa na ufa, na ndani ya ufa kulikuwa na tone. Nikakitumbukiza kwenye risasi iliyoyeyuka.

Tone moja la maji likigeuka mvuke linataka nafasi zaidi ya mara elfu moja na mia tano ya ile lililokuwa nayo. Chini ya risasi ya moto nafasi hiyo haipo, kwa hiyo linajitengenezea. Sikusikia mlipuko hasa, nilisikia “pu!” kama mtu anayetema, na jiko likawa nusu tupu. Dari ilikuwa na madoa ya fedha, na miwani yangu ilikuwa na madoa matatu mbele ya jicho la kushoto. Shingoni nina kovu dogo mpaka leo. Mke wangu alikuja mbio, akatazama dari, akanitazama mimi, akarudi ndani bila neno. Hilo liliniuma kuliko shingo.

Basi somo la kwanza: maji na risasi havikutani. Vaa miwani, vaa mikono mirefu na viatu vya kufunika, na kipande cha baridi kipashe moto ukingoni mwa jiko kabla hakijaingia. Maji na risasi havikutani. Hata jasho, na mimi nasubu Texas mwezi wa saba.

Nimeruka mambo mengi ya kuchosha hapa, miezi ya kuchambua vizani. Jueni tu kwamba siku hizi vingi ni chuma au zinki, si risasi. Vya chuma vinaelea, unaviopoa. Zinki ndiyo shetani. Risasi inayeyuka kwenye nyuzi 327 za Selsiasi, zinki kwenye 420 hivi, kwa hiyo ukichukua kipimajoto na kuhakikisha hupiti 370, zinki itaelea juu ikiwa nzima na utaitoa. Ukizidisha moto kwa haraka zako, inachanganyika, risasi inakuwa kama uji wenye madonge na haijazi kalibu tena. Haraka zako, nimesema.

Sasa kwenye aibu. Vichwa vyangu vya kwanza vilitoka na mikunjo kama uso wa mzee, maana kalibu ilikuwa ya baridi. Nikajifunza kuchovya kona yake kwenye risasi mpaka ipate moto, na vikawa vizuri, vinang'aa, kikonyo kinakatika safi. Nikavipaka mafuta yake, nikavipitisha kwenye kisahani chenye tundu cha kusawazisha unene nilichopewa na rafiki, nikajaza maganda 50, nikaenda uwanja wa shabaha nimevimba kichwa.

Kwenye yadi 15 karatasi yangu ilionekana kama imeliwa na panya. Vichwa vingine viliingia kwa ubavu, vikaacha tundu refu kama la ufunguo. Mtutu ukawa umepakwa risasi ndani, michirizi yote imezibwa, na kuusafisha kulinichukua jioni nzima na nyuzi za shaba za kusugulia sufuria. Mzee mmoja wa klabuni, sitamtaja, akashika karatasi yangu akaiinua wenzake waone. Akasema, “Huko kwenu labda mnatumia mawe.” Walicheka. Nami nilicheka, kwa sababu ukiwa mgeni unacheka.

Siku ya mashindano yule mzee alikuwa wa saba. Nimetaja tu.

Nilivyofikiri, tatizo lilikuwa ulaini. Kila anayeanza anafikiri hivyo: risasi laini inapaka mtutu, kwa hiyo iwe ngumu. Nikaanza kudondosha vichwa kwenye ndoo ya maji vikitoka kwenye kalibu ili viwe vigumu. (Ndiyo, maji, baada ya yote yale. Ndoo mbali na jiko, lakini bado.) Nikanunua kwa bei ya dhahabu risasi ya herufi za mitambo ya zamani ya kuchapia magazeti, ile yenye asilimia 12 ya antimoni, madini ya kuikaza. Ikapaka mtutu zaidi. Miezi ikapita hivyo, na pesa.

Aliyenifungua macho ni fundi mchongaji vyuma, mzee wa Kimeksiko ninayempelekea mizigo Laredo. Hapigi bastola kabisa. Nilimweleza, akaniuliza swali moja: “Kimepimwa?” Sikuwa na maikromita, kile kifaa cha kupima unene. Alipima yeye. Vichwa vyangu vilikuwa na inchi 0.356. Kile kisahani cha rafiki kilikuwa cha bastola za milimita tisa! Matundu ya silinda yangu yanataka 0.358. Tofauti ni sehemu mbili za elfu moja za inchi, unyoya. Lakini baruti ikiwaka, gesi inapita kwenye ule unyoya pembeni ya kichwa kama tochi ya kuchomelea, inakikata na kukipaka kwenye mtutu. Na kikiwa kigumu ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu hakitanuki kuziba.

Kwa hiyo, mdogo wangu, usiniulize kalibu gani. Niulize unene gani. Chukua kichwa, kiweke kwenye tundu la silinda upande wa mbele, silinda ikiwa tupu na umeikagua mara mbili. Kikidondoka chenyewe, ni chembamba. Kikihitaji kusukumwa kidogo kwa kidole au penseli, hicho ndicho. Vizani vya tairi vya kawaida, na bati kidogo (madini yenyewe, si la kuezekea), asilimia mbili hivi, ili kalibu ijae vizuri kwenye kona, vinatosha kabisa kwa .38 isiyo na baruti ya kishindo. Unene kwanza, ugumu baadaye. Kwa bastola ya Glock soma kitabu cha mwenye kuitengeneza kwanza, maana wanakataza vichwa vya risasi tupu kwenye mitutu yao.

Hayo ndiyo ninayoulizwa. Lililoninyima usingizi ni lile la betri.

2022 binti yetu alikuwa na mwaka mmoja na nusu, anatambaa na kulamba kila kitu. Mke wangu ni wa Mikindani, Mombasa. Siku moja alinikuta nikifagia gereji kwa ufagio mkavu, mavi ya risasi, lile jivu linalokwanguliwa juu yake, yakipaa kwenye mwanga wa jua, mtoto amekaa mlangoni na biskuti. Hakunipigia kelele. Aliniuliza kwa sauti ya chini kama nimesahau Owino Uhuru.

Watu wa Mombasa hawahitaji kuelezwa. Kwa wengine: ni kijiji kilichopakana na kiwanda kilichokuwa kikiyeyusha betri kuukuu ili kupata risasi. Phyllis Omido alifanya kazi pale, mtoto wake akaugua, vipimo vikaonyesha risasi mwilini. Alipigana miaka na miaka, akapewa Tuzo ya Goldman mwaka 2015, na 2020 mahakama ya mazingira Mombasa iliamua wanakijiji walipwe shilingi bilioni 1.3. Wapo waliozikwa kabla ya hukumu hiyo. Mke wangu anawajua kwa majina. Na mimi, mumewe, nilikuwa nimemjengea Owino Uhuru ndogo Fort Worth, kwa hiari yangu, kwa ajili ya mchezo.

Tulipima damu. Mtoto alikuwa chini ya 3.5 (mikrogramu za risasi kwa desilita ya damu), kile kipimo ambacho hapa kikipitwa daktari anaanza kufuatilia. Nilitoka nje ya hospitali nikakaa ndani ya gari. Yangu ilikuwa 14.

Watu wanaogopa moshi, lakini kwenye joto la kusubu risasi haitoi mvuke wa kutisha. Inachemka mbali huko juu ya nyuzi 1700. Adui ni vumbi. Lile jivu la juu, mavi ya risasi, unalikwangua, linapaa, linashika vidoleni, vidole vinashika sigara, sambusa, shavu la mtoto. Uwanja wa shabaha wa ndani nao unachangia, maana fataki nyingi, zile zinazowasha baruti, zina risasi pia.

Tangu siku ile nasubu nje, chini ya banda, jiko upande ule upepo unakoelekea ukitoka kwangu. Mavi yanaingia kwenye kopo lenye kifuniko, hayafagiliwi. Sakafu inapanguswa kwa kitambaa kibichi, baada ya jiko kupoa kabisa. Nguo na viatu vya kusubia haviingii ndani, vinafuliwa peke yake. Kabla ya kugusa kitasa cha mlango nanawa kwa maji ya baridi na sabuni inayoondoa madini. Sabuni. Ndiyo chombo cha kwanza cha kununua, kabla ya kalibu, kabla ya jiko. Baada ya miezi minane nilishuka hadi 5, na napima kila mwaka.

Na betri, hapana. Si moja, si tatu. Ndani kuna asidi, na bamba za siku hizi zina kalisi na aseniki ambazo zikipata moto na unyevu zinaweza kutoa gesi ya kuua mtu papo hapo. Zipeleke dukani, hapa wanakurudishia hata pesa kidogo. Mjomba alifanya, najua. Mjomba alikuwa anatetemeka mikono akiwa na miaka hamsini na sisi tukasema ni bahari. Nyinyi vijana mnataka picha ya nafasi ya pili, hamtaki miaka iliyo nyuma yake, na ukimwambia mtu anunue sabuni anakuona mzee. Sawa, mimi ni mzee. Kaa uone mzee huyu anavyopiga.

Nilimwandikia yote haya, marefu kuliko hapa. Alisoma, akaweka kidole gumba. Siku mbili kimya. Jana akaniandikia kwamba betri amezirudisha dukani, ameagiza maikromita na sabuni, na duka la matairi limempa nusu ndoo ya vizani. Ila jiko la kuyeyushia litachelewa kufika, kwa hiyo anauliza kama sufuria ya ugali ya mkewe inafaa, mara moja tu, kisha aisugue vizuri.

Nimempigia simu. Hapokei.